Nywele Kwenye Mshikaki wa Mfalme

(Hotuba kwa wapishi na wanafunzi wa hoteli, imepangwa upya kidogo kwa ajili ya kusomwa.)

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni. Na ninyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, bado mna harufu ya vitunguu mikononi, karibuni, nafasi zipo huku mbele.

Mmeniita nizungumze habari za wapishi wa makasri ya wafalme wa China, na najua wengine mmekuja na kalamu mkitegemea mapishi. Leo sina mapishi. Siri zilizowatoa watu roho kwenye majiko yale hazikuhusu kiasi cha tangawizi. Zilihusu nani anasimama karibu na sahani ya mfalme, na nani yuko nyuma yake anaitamani nafasi hiyo. Ninyi mnaofanya kazi jikoni mtanielewa upesi kuliko maprofesa.

Nianze na supu. Karne ya 4 kabla ya Kristo, kabla China haijawa dola moja, kulikuwa na mtawala wa nchi ya Han aliyeitwa Zhao. Siku moja aliletewa supu, akakuta ndani yake kipande cha ini bichi. Mngekuwa ninyi ndio wenye meza, mngemwita nani? Mpishi mkuu, bila shaka, na mngemwita kwa sauti ya juu. Zhao hakumwita mkuu. Alimwita yule wa pili kwa cheo, akamkaripia: kwa nini umeniwekea ini bichi kwenye supu? Yule bwana akaanguka kifudifudi, akakiri papo hapo. Alitaka mkuu wake afukuzwe.

Zhao alijiuliza swali moja tu: mkuu akiondoka leo, kesho nani anashika mwiko?

Kisa cha pili kinapendeza zaidi, na ndicho kilichonipa jina la hotuba hii. Mtawala Wen wa nchi ya Jin, aliyetawala kuanzia mwaka 636 kabla ya Kristo, aliletewa nyama ya kuchoma. Tuiite mshikaki, maana ndivyo ilivyokuwa: vipande vimechomekwa kwenye kijiti na kuchomwa juu ya mkaa. Kwenye nyama kulikuwa na unywele umezungushwa. Akaitwa mpishi. Wen akamuuliza kama anataka bwana wake akabwe koo.

Mpishi akasujudu, akasema: bwana wangu, nina makosa matatu, na kila moja linastahili kifo. La kwanza, nilinoa kisu changu mpaka kikawa kikali kama upanga wa vita, kikakata nyama, lakini unywele hakikuukata. La pili, nilichukua kijiti nikatunga kipande kimoja kimoja kwa mkono wangu, na unywele sikuuona. La tatu, jiko lilikuwa jekundu la mkaa, nyama ikaiva, lakini unywele haukuungua. Kisha akauliza kwa upole: je, hakuna mtu hapa chini ya ukumbi anayenichukia?

Tazameni jinsi alivyojitetea. Hakusema "si mimi". Amekubali makosa yote, na kila kosa alilokubali linamwonyesha kuwa fundi. Kisu kikali, jicho makini, moto wa kutosha. Anayejua kazi yake hujitetea kwa kazi yenyewe. Wen akasema, vema, akawaita waliokuwa wakihudumu ukumbini, akawabana, na kweli akampata mwenye unywele. Huyo ndiye aliyeuawa.

Aliyetuachia visa vyote viwili ni Han Fei, mwanafikra aliyefariki mwaka 233 kabla ya Kristo. Yeye hakuwa mtu wa chakula hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watawala namna ya kujilinda na watu wao wa karibu, na alipotafuta mifano, jikoni aliipata mingi. Kikulacho ki nguoni mwako, sisi tunasema. Han Fei angeongeza kwamba humo nguoni mna madaraja, na unapoumwa angalia kwanza daraja la pili.

Sasa, mpishi huyu alikuwa nani katika jamii? Hapa Wachina wa kale walikuwa na mawazo mawili yanayogombana, na hawakuyapatanisha kamwe. Mencius, mmoja wa walimu wao wakubwa, alisema muungwana hukaa mbali na jiko. Sababu aliyoitoa ni huruma: ukimsikia mnyama akilia, hutaweza kumla. Sababu ni nzuri, lakini matokeo yake mnayajua. Nyama inaliwa, na aliyeichinja anabaki upande wa pili wa ukuta, akiwa na damu mikononi na bila heshima ya muungwana.

Lakini Wachina haohao walimtukuza Yi Yin. Huyu alikuwa mpishi, mtu wa hali ya chini kabisa, na hadithi zao zinasema alimwendea Tang, mwanzilishi wa ufalme wa Shang, akiwa amebeba chungu na ubao wa kukatia nyama. Akamweleza ladha: chungu na tamu, kali na chumvi, moto mkubwa unapotakiwa na moto mdogo unapotakiwa. Kumbe alikuwa anaeleza utawala. Tang akamfanya waziri. Basi muungwana haingii jikoni, ila aliyeko jikoni anaweza kutoka humo akawatawala waungwana. Ukimweka kijana mwenye akili mahali pa namna hiyo, usishangae akianza kuhesabu ngazi.

Wengine walipanda ngazi hiyo kwa njia za kutisha. Yi Ya alikuwa mpishi wa Mtawala Huan wa Qi, aliyekuwa na nguvu kuliko watawala wote wa wakati wake. Inasimuliwa kwamba Huan alitania akisema amekula kila kitu isipokuwa nyama ya mtoto mchanga, na Yi Ya akaenda nyumbani akampika mwanawe mwenyewe. Waziri wake mzee, Guan Zhong, akiwa karibu kufa alimwonya Huan: asiyempenda mwanawe atakupenda wewe? Onyo halikufuatwa. Huan alipougua, Yi Ya na wenzake wakayafunga malango ya kasri. Alifariki mwaka 643 kabla ya Kristo, na maiti yake ilikaa siku 67 bila kuzikwa, mpaka funza wakatoka mlangoni. Mambo ya mtoto niyaachie wasimulizi. Hayo ya malango yamo katika historia.

Na yupo Zhuan Zhu. Huyu alijifunza upishi wa samaki wa kuchoma kwa sababu moja tu: mfalme Liao wa Wu alipenda samaki wa kuchoma. Mwaka 515 kabla ya Kristo Liao alialikwa karamuni, naye hakuwa mjinga. Askari walipangwa njia nzima. Kila aliyeleta chakula alivuliwa nguo mlangoni, akavishwa nyingine, kisha akaingia akitambaa kwa magoti, huku askari wawili wakimwelekezea panga pande zote mbili. Walimpekua mtu, samaki hawakumpekua. Jambia lilikuwa tumboni mwa samaki. Liao aliuawa, na Zhuan Zhu naye akafa palepale.

Baada ya mambo kama hayo mnaelewa kwa nini makasri yaliamua kulikata jiko vipandevipande. Yapo maandishi ya kale yanayoeleza jinsi nyumba ya mfalme wa Zhou ilivyotakiwa kupangwa. Katika watu karibu 4,000 wa nyumba hiyo, 2,271 kazi yao ilikuwa chakula na vinywaji. Wa samaki 342. Wa barafu 94. Wa chumvi 62, chumvi peke yake! Wa kasa na kombe 24. Siwaambii kwamba kila mmoja wao aliwahi kuvaa aproni; ule ni mpango, na mipango ya serikali tunaifahamu. Ila mpango unaonyesha hofu ya aliyeupanga. Mtu wa barafu hajui habari za nyama, wa nyama hajui habari za pombe, na sahani nzima haiko mikononi mwa mtu mmoja.

Niruke karne nyingi, nisiwachoshe, mpaka ufalme wa Ming. Wakati huo jikoni kulikuwa na pande mbili. Kulikuwa na idara ya serikali iliyosimamia karamu, na kulikuwa na matowashi, wanaume waliohasiwa ili wahudumu ndani ambako wanaume wengine hawaruhusiwi. Idara ile ilioza kiasi kwamba watu wa Beijing walikuwa na msemo kuhusu vitu vyenye jina kubwa na ndani ni bure: insha za chuo cha wasomi wa kifalme, silaha za ghala la jeshi, dawa za matabibu wa kasri, na supu za idara ya karamu. Kwa hiyo kaisari mwenyewe alikula kwa matowashi, ambao walishindana kumpikia kwa gharama zao. Gharama zao, jamani! Hakuna mtu anayemlisha kaisari bure.

Katika jiko la mama yake mrithi mmoja wa Ming kulikuwa na towashi asiyejua kusoma, aliyewahi kuwa mcheza kamari. Jina lake Wei Zhongxian. Kazi yake ilikuwa kusimamia chakula cha mama huyo. Yule mtoto alipotawazwa mwaka 1620 akiitwa Tianqi, Wei alikuwa tayari ni mtu wa nyumbani, na alishirikiana na Bibi Ke, yaya aliyemnyonyesha kaisari, ambaye chakula kutoka kwake ndicho Tianqi alichokipenda kuliko vyote. Baada ya miaka michache Wei alikuwa anaitawala China, anafunga na kuua mawaziri, na majimbo yanamjengea mahekalu angali hai. Yote yalianzia kwenye sufuria. Tianqi alifariki mwaka 1627, na Wei hakuumaliza mwaka huo.

Ufalme wa mwisho, Qing, uliotawala kuanzia 1644 hadi 1912, ndio wenye kumbukumbu nzuri, na hapa naomba mnivumilie maana nitakaa. Jiko la kaisari lilikuwa chini ya idara ya nyumba ya kifalme, na wengi wa watumishi wake walikuwa wa koo zilizotumikia nyumba hiyo kizazi hata kizazi. Lilikuwa na sehemu tano: ya nyama, ya mboga, ya wali na unga, ya vitafunio, na ya kuchoma kwenye tanuri. Maji ya kaisari yaliletwa kila siku kwa gari kutoka kwenye chemchemi ya kilima cha Yuquan, nje ya mji.

Vyeo viliandikwa kwenye nyama. Mgao wa kaisari kwa siku ulikuwa karibu kilo 13 za nyama ya sahani, ukiacha kondoo wawili, kuku watano na bata watatu. Malkia alipata kilo tisa na nusu hivi. Wakashuka masuria daraja kwa daraja, kila daraja na mizani yake, mpaka suria wa chini kabisa aliyepata chini ya kilo moja. Hata vyombo vilisema: bakuli la malkia ni njano nje na ndani, la suria mkuu ni njano nje, nyeupe ndani, wanaofuata wana njano yenye dragoni wa kijani, na kuendelea hivyo. Kijana wa kuosha vyombo alijua hadhi ya kila mwanamke kasrini bila kuuona uso wa hata mmoja wao.

Tena alijua zaidi ya hapo. Kaisari akishiba, sahani zilizobaki zilitolewa kama zawadi: hii kwa suria fulani, hii kwa waziri fulani. Aliyebeba alijua nani amepata na nani leo amerukwa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Ndiyo maana kila mlo uliandikwa. Kitabu cha milo cha kaisari Qianlong, aliyetawala miaka 60 kuanzia 1735, kinataja siku, mahali alipokula, kila chakula, chombo chake, na mara nyingi jina la mpishi aliyekipika. Vitabu hivyo vipo mpaka leo kwenye hifadhi ya nyaraka mjini Beijing. Fikirieni jina lako limeandikwa kando ya kila bakuli unalopika. Chakula kikipendwa, zawadi inakujua. Kikidhuru, upanga nao unakujua.

Na kwa sababu hiyo tunamfahamu Zhang Dongguan. Mwaka 1765 Qianlong alisafiri kusini, akafika Suzhou, mji wa hariri na mifereji na chakula laini chenye utamu kidogo. Ofisa aliyesimamia viwanda vya hariri vya serikali pale alimpa wapishi wa nyumbani kwake, na mmoja wao alikuwa Zhang. Qianlong alikula, akaulizia nani amepika, akatoa vipande vya fedha. Tangu hapo jina la Zhang halibanduki vitabuni: akahamia Beijing, akafuatana na kaisari safarini, viota vya ndege na bata vikipita mikononi mwake.

Hebu tuseme ukweli sisi wa kazi. Hapo Beijing kuna wapishi ambao baba zao na babu zao walipika humo humo. Anakuja mtu wa kusini, raia wa kawaida, hana ukoo ndani, anapika vyakula vya kwao, na kila wiki anaitwa kupewa fedha. Mimi namwona anavyochungulia sufuria yake kila anapogeuka, akitafuta unywele. Na bado alidumu karibu miaka 20. Mwaka 1784, katika safari ya mwisho ya Qianlong kusini, ikaandikwa kwamba Zhang amezeeka, kiuno na miguu vinamuuma, arudi kwao Suzhou, na itafutwe damu changa ya Suzhou kushika nafasi yake. Kiuno na miguu. Wangapi hapa mnaanza kuyasikia hayo? Kati ya watu wote niliowataja jioni hii, huyu ndiye ninayemheshimu zaidi. Alimlisha mtu mwenye nguvu kuliko wote katika nchi yake, akastaafu akiwa na kichwa chake mabegani.

Wengine hawakubahatika. Mwaka 1697 Kangxi, babu yake Qianlong, aligundua kwamba watumishi kadhaa walikuwa wakienda kwa kificho kwa mwanawe Yinreng, mrithi wa kiti, na kufanya huko mambo yasiyofaa. Watatu waliuawa: Hua La wa jikoni, Ya Tou wa chumba cha chai, na kijana mhudumu aliyeitwa De Zhu. Mtu wa jiko la baba hakutakiwa kuonekana mlangoni kwa mwana. Kaisari alijua vizuri vilivyoweza kusafiri ndani ya njia hiyo.

Ila ipo siri moja ambayo jiko lilifaulu kuitunza, nayo ni bei. Kuna kisa Wachina wanapenda kukisimulia, na nawapa kama kisa. Qianlong alimuuliza waziri wake Wang Youdun, aliyefika alfajiri, kama amekula. Akajibu: mimi maskini, bwana wangu, nimekula mayai manne tu. Qianlong akashtuka. Yai moja ni wakia kumi za fedha, wewe unakula wakia arobaini asubuhi halafu unajiita maskini? Mimi mwenyewe siwezi! Wang akaelewa palepale kinachoendelea. Akisema bei ya kweli, amewafitini watu wote wa idara ya nyumba ya kifalme, toka mnunuzi hadi mkubwa wake. Akajibu kwamba mayai ya sokoni ni yale mabovu yasiyofaa kasrini, ndiyo maana ni rahisi.

Waziri mzima anaogopa wanunuzi wa mayai. Hapo mnaona cheo cha karatasi na cheo cha kweli.

Kama kisa hicho mnakitilia shaka, chukueni hesabu hizi ambazo kaisari wa mwisho, Puyi, alizitoa kwenye kumbukumbu za maisha yake. Katika mwezi mmoja wa mwaka 1910, watu sita wa familia, yaani yeye, Malkia Longyu na masuria wanne wa wafalme waliotangulia, waliandikiwa zaidi ya tani mbili za nyama, na kuku na bata 388. Sehemu ya Puyi peke yake ilikuwa karibu kilo 480 na ndege 240. Alikuwa na miaka minne.

Na mtoto huyo alikuwa na njaa. Alikula njugu za chestnati zikamvimbisha tumbo, Longyu akaamuru apewe uji tu, na uji ukaendelea kwa muda mrefu. Siku moja walimpeleka ziwani, wakampa mikate mikavu awalishe samaki. Akaitia mdomoni mwake. Kaisari wa China, mwenye kilo 480 za nyama vitabuni, anawanyang'anya samaki mkate. Nyama ilikwenda wapi? Waulizeni waliokuwa wanaiandika.

Alipokua kidogo, matowashi waliingia kwa msururu wakiwa na meza zilizojaa, kila sahani na kibati cha fedha cha kupimia sumu, na towashi mwingine akionja mbele yake. Lakini vyakula hivyo vilipikwa mapema mno, vikakaa juu ya moto vikisubiri amri, na kufika mezani havikuwa na ladha wala sura. Viliwekwa mbali kama mapambo. Puyi alikula vile vilivyoletwa kutoka majiko madogo ya masuria wazee, ambao kila mmoja alikuwa na wapishi wake hodari. Baada ya mlo, towashi alikimbia kuwapasha habari hao kina mama: mwana wa mbingu amekula wali kiasi gani, maandazi ya mvuke mangapi, na amekula kwa hamu. Kwa hiyo wapishi wenye cheo kikubwa kuliko wote nchini walikuwa wanapika chakula kisicholiwa na mtu, kila siku, na mishahara inaingia.

Mwezi wa Novemba 1924 wanajeshi walimtoa Puyi kasrini. Wapishi wakatawanyika. Mwaka uliofuata bustani ya Beihai, jirani na kasri, ilifunguliwa kwa umma, na baadhi ya watu wa jiko la zamani wakafungua humo mkahawa ambao baadaye ulijulikana kama Fangshan. Wakauza vitafunio vya kasrini: vijimkate vya unga wa mahindi, mikate ya ufuta yenye nyama ya kusaga. Watu wakaja kwa wingi, walimu, wafanyabiashara, watu wa kawaida, wakitaka kula kama kaisari, na kwa mara ya kwanza wapishi wale walikuwa na mlaji aliyelipa kutoka mfukoni mwake, anayejua bei ya yai, na ambaye supu ikipoa anairudisha jikoni.

Nimemaliza, ndugu mwenyekiti. Kama kuna maswali, nipo.